Upepo wa Kabla ya Mvua

Jumatano, 3 Septemba

Mwanangu,

Usianze kuniuliza kama nimekula. Nimekula. Chiriku naye amekula, na akamsaidia jirani kumaliza sahani yake. Mwanao hajambo.

Nakuandikia nimekaa kwenye ndoo niliyoipindua nyuma ya chumba cha kufulia, kwa hiyo mwandiko ukiyumba si uzee, ni ndoo. Na ukiona K imelala chali, usicheke. Herufi nimezijua kwenye alama za uzi za nguo za watu, si darasani, na K ya kwanza kuiona ilishonwa na fundi mlevi.

Nimekasirika. Jana nilianika shuka arobaini za hoteli, nyeupe pe. Saa sita mchana naenda kuzigeuza, nakuta zote zimepiga manjano upande mmoja kama mtu amezifutia mikono ya binzari. Ni ile mivinje ya ukutani. Imeanza vituko vyake. Wewe umekulia hapa, unaijua: siku za manyunyu shuka zinatoka safi, halafu likiwaka jua kavu na upepo kidogo, miti inajikung'uta kama mbwa aliyetoka majini. Meneja akaja na tai yake, akasema, "Bibi, si ungeangalia hali ya hewa kwanza?" Nikamwambia, "Anayelipwa kuangalia hali ya hewa ni binti yangu. Mimi nalipwa kufua." Akaenda zake.

Nimezirudia zote arobaini. Za Chiriku tu sikuzirudia. Za kwake zina maua mengi, hata zikiwa na vumbi halionekani, na hakuna mgeni wa kuja kumkagua mtoto shuka. Tena za kwake nazianika kamba ya kwanza, ile inayogusana na miti kabisa, kwa sababu huko upepo hauna kizuizi. Zinakauka wakati nyingine bado zinadondosha maji. Anazipenda hivyo. Anajifunika mpaka puani, anasema zinanukia jua.

Ana kikohozi kidogo. Ni kifua tu, kitapita. Siku hizi hapendi kukimbia, anakaa kizingitini ameweka mikono magotini kama mzee wa baraza. Nadhani amekua. Nilijua siku moja utulivu utamfika.

Kule kwenu simu hazishiki, na huku masikio yangu hayashiki, mashine za kufulia zimeyamaliza. Basi tuandikiane. Dereva wa gari la maji amesema kila Alhamisi atabeba, mradi nisimpe na mzigo wa nguo.

Mimi mama yako

&nbsp;

Alhamisi, 4 Septemba

Mama, shikamoo.

Dereva anamwaga maji kwenye tangi la kituo chetu cha hali ya hewa. Inamchukua kama saa moja, na hiyo saa ndiyo niliyonayo.

Nimesoma barua yako mara tatu. Mama, Chiriku hajatulia tangu siku aliyozaliwa. Jina hilo ulimpa wewe, kwa kuwa alikuwa hafungi mdomo. Mtoto wa miaka sita anayekaa mikono magotini hajakua. Anatafuta pumzi.

Nakuomba jambo moja. Mwambie akusimulie kitu, chochote. Usipomsikia, tazama midomo. Hesabu anasema maneno mangapi kabla hajasimama kuvuta pumzi, kisha niandikie hesabu hiyo kama ilivyo, usiipambe.

Na lile vumbi la manjano si vumbi. Linaitwa chavua. Ni unga wa maua ya miti dume. Kituoni tuna mzee mmoja, tunamwita Mzee wa Hadubini, kazi yake ni kuweka kipande cha kioo chenye mafuta juu ya paa, kukiondoa kila asubuhi na kuhesabu kilichonasa. Anasema maua hayo yakiwa na unyevu yanafumba. Jua likikausha hewa, yanafumbuka na kumwaga, na upepo unabeba. Huku juu hakuna mvinje hata mmoja, kioo chake kinaweza kumaliza wiki nzima kitupu. Huko kwako nadhani kingejaa kwa saa moja.

Usinikasirikie kwa hili. Shuka za Chiriku usizianike nje mpaka miti imalize. Analala ndani ya unga huo, Mama. Anajifunika nao puani.

Ningekuwa na ruhusa ningemleta huku leo. Lakini unajua sharti la Mkuu wa kituo: hakuna familia.

Dereva anapiga honi.

Mwanao

&nbsp;

Jumatano, 10 Septemba

Mwanangu,

Nimekasirika, tena kuliko wiki iliyopita, kwa hiyo soma taratibu.

Nimefua miaka thelathini na tisa. Nimefulia mabwana harusi, nimefulia maiti, nimefulia majaji wenye siri kwenye mashuka yao, na hakuna aliyewahi kuniambia nguo yangu imemdhuru. Leo mtoto niliyemvalisha nepi za kamba hiyohiyo ananiandikia kwamba shuka zangu zina sumu. Haya.

Nimehesabu hata hivyo, kwa sababu umeniomba. Nilimwambia anisimulie habari za paka wa mpishi. Ijumaa, maneno tisa. Jumapili ilikuwa jua na upepo toka asubuhi, maneno saba. Jumatatu ilipiga manyunyu na baridi, akanisimulia paka, mpishi na mke wa mpishi bila kituo, mpaka nikamwambia anyamaze. Shuka za Jumatatu zilitoka safi. Jana jua tena. Manjano tena. Maneno saba.

Sisemi kwamba unasema kweli. Nakupa hesabu tu.

Shuka zake bado naanika palepale, ila nazikung'uta kwanza. Na yule nesi aliyetupa kichupa cha kuvuta naye alianza habari za vumbi na miti, kumbe mmekula njama. Nikamwambia kama ni vumbi mimi ningekufa zamani. Akaniambia vifua havifanani.

Mwanao anakusalimu. Anasema umletee wingu.

Mimi mama yako

&nbsp;

Alhamisi, 11 Septemba

Mama,

Kichupa gani?

Kichupa cha kuvuta hakitolewi kwa kikohozi kidogo. Mlikwenda zahanati lini? Alikuwaje mlipofika? Midomo yake ilikuwa rangi gani? Naomba uniandikie, Mama. Niko mbali safari ya siku nzima kwa lori, na ninachojua kuhusu mwanangu ni kile unachoamua kukiandika. Ukinificha kitu kimoja, basi sijui chochote.

Hiyo ni pumu. Wewe unaandika "kifua" kana kwamba neno lenyewe lilikukosea. Lakini ni pumu, na watoto wengi wanayo na wanakua wakiwa nayo, ilimradi wakubwa wao wanaiita kwa jina lake na kufuata dawa.

Shuka, ndani. Mito, ndani. Nguo za kuvaa pia. Asubuhi kukiwa na jua na upepo, dirisha la upande wa miti lifungwe. Akitoka nje akirudi aoge, na nywele zake zioshwe.

Siku za mvua sitakuwa na hofu. Mvua ikinyesha inaishusha chavua na kuifagia, hewa inakuwa safi, ndiyo maana Jumatatu alizungumza vile. Kwa hiyo ukiona mvua inakuja, ujue nafuu inakuja.

Hizo hesabu zako nimemwonyesha Mzee wa Hadubini. Amezinakili kwenye daftari lake. Amesema shuka zako zinapima kuliko kioo chake.

Mwanao

&nbsp;

Jumatano, 17 Septemba

Mwanangu,

Neno hilo usiliandike tena. Ukitaka kuandika, andika "ule ugonjwa". Nitaelewa.

Haya, nakuambia. Ilikuwa tarehe ishirini na nane, mwezi uliopita. Tulikuwa tunakunja nguo. Alikuwa akipiga kelele zake, mara nikaona midomo imesimama. Nikadhani amenuna. Nikamgeuza, nikaona ngozi ya kooni inaingia ndani kila anapovuta, na kucha zake zina rangi ya wino. Nikambeba mgongoni mpaka zahanati nikiwa na kandambili mguu mmoja. Wakamwekea mvuke wa dawa, akarudi. Walipouliza kama katika ukoo kuna mtu mwenye tatizo hilo nikasema hakuna.

Nilikuficha kwa kuwa nilijua utaacha kazi uje. Na ukija utakaa hapo kizingitini uniangalie mimi na yeye, na kazi itakuwa imekwenda.

Shuka zote za kwake sasa nazikausha ndani, kwenye kamba ya juu ya kitanda changu. Chumba kimekuwa kama tumbo la nyangumi. Dirisha nimefunga. Nywele naziosha, ananipigia makelele, nafurahi maana makelele yanataka pumzi.

Lakini hapajanyesha siku tisa. Miti iko wazi kabisa. Ukipita karibu na ukuta saa nne asubuhi unaona kabisa moshi wa manjano unapeperuka, na upepo ukitulia unabaki umening'inia pale hauendi popote. Wageni wanapiga chafya mpaka mapokezi. Chiriku yuko maneno matano. Jana matano. Leo asubuhi manne.

Mimi ambaye nimeichukia mvua maisha yangu yote, kwa sababu ya kamba, sasa naiomba. Kila saa natoka kutazama mawingu yako. Ikija tu nitamtoa nje aipokee, avute hewa safi kabla hata tone halijaanguka.

Mimi mama yako

&nbsp;

Alhamisi, 18 Septemba

Mama, shikamoo.

Ahsante kwa kuniambia. Nimelia kidogo chooni kisha nikaenda kupima joto, kwa hiyo nimefanya yote mawili.

Habari njema: vipimo vinaonyesha unyevu unapanda kutoka upande wenu. Nadhani mapema wiki ijayo mtapata mvua, na itakuwa kubwa. Vumilieni siku tatu nne. Dawa yake, mivuto miwili asubuhi, miwili jioni, na akizidiwa usihesabu, mpe.

Nimemwomba Mkuu wa kituo kwa mara ya pili. Amesema kituo si kituo cha kulelea watoto.

Mwanao

&nbsp;

Jumatatu, 22 Septemba

Mama,

Barua hii itakufikia Ijumaa na mimi naiandika Jumatatu saa tisa alasiri. Najua haina maana. Mikono inataka kufanya kitu.

Wingu lenu naliona kutoka hapa. Limesimama kama ukuta, juu limesambaa bapa. Saa nane nilikuwa nalitazama nikitabasamu. Nikamwambia Mzee wa Hadubini, "Leo mwanangu atapumua." Akauliza, "Mwanao yuko chini ya lile?" Nikasema ndiyo. Akaweka kikombe chini.

Nilikosea, Mama. Nilikuandikia nusu ya jambo. Mvua ya kawaida, yale manyunyu yako ya Jumatatu, hiyo inasafisha. Dhoruba ya radi si hivyo. Mzee amenieleza na amenionyesha kwenye kioo cha mwaka fulani. Wingu la namna ile linavuta chavua juu, unga wote wa siku hizo kumi na nne, na kule juu kwenye unyevu chembe zinapasuka, kama maharage yaliyolowekwa mpaka yakatoka maganda. Chembe nzima hunasa puani na kooni. Vipande vyake ni vidogo mno, vinashuka mpaka chini ya kifua. Kisha kabla mvua haijaanguka, ule upepo wa baridi unaotangulia unavishusha vyote kwa pamoja, usawa wa midomo ya watu. Upepo ule ambao kila mtu anatoka nje kuupokea.

Na wewe uliniandikia kwamba utamtoa nje aipokee. Mimi nilisoma sentensi hiyo Alhamisi, nikafurahi.

Nimekimbilia redio ya kituo. Nimeita ofisi ya mjini, nikamwomba karani atume mtu mbio kwenye chumba cha kufulia nyuma ya hoteli. Akasema redio ni ya hali ya hewa tu. Nikamwambia hii ndiyo hali ya hewa. Nikasikia akitafuta kalamu. Nikamwambia: mwambie mama yangu ndani, mlango na madirisha, sasa hivi, na apige kelele sikioni maana hasikii. Akasema, "Nimepokea." Kisha zikaja kelele za radi kwenye redio na sauti ikakatika.

Jumanne. Redio kimya. Wanasema mlingoti wa mjini umepigwa na radi.

Jumanne jioni. Kimya. Mkuu wa kituo amepita mlangoni kwangu mara mbili.

Jumatano. Nimefunga mkoba. Kesho nashuka na gari la maji, wanifukuze wakitaka. Mama, kama umeshafika mahali ambapo huwezi kuniandikia, mtu mwingine aandike. Yeyote. Aandike neno moja tu.

&nbsp;

Jumatano, 24 Septemba

Mwanangu,

Mtoto yu hai. Naanza na hilo. Rudia kulisoma kisha ukae chini.

Tuko hospitali kubwa, wodi ya watoto, kitanda cha karibu na sinki. Ana mrija puani. Leo amekunywa uji na amemuuliza daktari kama viatu vyake ni vya kike. Daktari amesema keshokutwa mrija utatoka.

Ilikuwa hivi. Jumatatu saa tisa joto lilikuwa la kukaanga. Nikaona wingu, nikaona majani ya mivinje yametulia tuli, halafu upepo wa baridi ukaja pu, kama mtu amefungua mlango wa jokofu. Nikamchukua Chiriku. Nikampandisha juu ya jiwe la kufulia, uso kwenye upepo. Nikamwambia, "Vuta, mama, nafuu hiyo imekuja."

Ndipo nikaona mwanamke mnene anakuja mbio kutoka upande wa jikoni, mwavuli umegeuka nje ndani, kiatu kimoja mkononi. Simjui. Akanishika kichwa, kabisa, kwa mikono miwili, akapiga kelele kwenye sikio langu la kushoto: "Binti yako anasema ndani! Funga madirisha!" Yeye mwenyewe alikuwa anahema kuliko mgonjwa. Nilitaka kumuuliza anamshikaje mtu mzima kichwa. Lakini alishamchukua Chiriku kwapani na kuondoka naye.

Tukafunga. Nikaziba chini ya mlango kwa shuka mbichi. Mwanangu, sijawahi kufanya jambo gumu kama lile, kumfungia mtoto asiye na pumzi kwenye chumba kisicho na hewa. Kila kiungo cha mwili wangu kilikuwa kinaniambia nifungue. Nilikwenda kwenye dirisha mara tatu. Mara tatu yule mwanamke, kumbe ni karani wa ofisi yenu ya mjini, alikaa mbele yake kwa mwili wake wote, na ni mwingi.

Hata hivyo dakika zile alizovuta nje zilitosha. Kufika saa kumi hakuwa na neno. Nikampa mvuto, nikampa tena, nikaacha kuhesabu kama ulivyosema. Meneja akatoa gari ya hoteli mwenyewe, na tai yake, akaendesha kwenye maji. Hospitali korido imejaa. Watu wazima, wanaume wazima, wanakohoa ukutani, wengine wanasema hawajaugua kifua tangu wazaliwe. Kulikuwa na mpishi. Kulikuwa na wageni watatu wa ghorofa ya pili. Nesi mmoja alikuwa anatibu huku na yeye kichupa mdomoni. Watu wawili walifunikwa. Niliwaona.

Karani alikaa nasi mpaka usiku. Anasema ulimfokea redioni. Anasema uliendelea kufoka hata ulipokatika.

Usishuke. Nasema usishuke. Yaliyo ya kufanya hapa nayafanya, na kazi ile ndiyo itakayonunua dawa. Nitakuandikia tena.

Mimi mama yako

&nbsp;

Alhamisi, 25 Septemba

Mama yangu,

Nilikuwa nimesimama getini na mkoba. Dereva alinyoosha bahasha dirishani na mimi sikuweza kuipokea, akaifungua yeye, akasoma mstari wa kwanza kwa sauti. Nilikaa chini kwenye matope kama ulivyosema.

Mwambie karani kwamba siku yoyote akitaka damu yangu aje achukue.

Ni barua yangu iliyomweka juu ya lile jiwe. Mimi ndiye niliyeandika kwamba mvua ni nafuu. Nimewaponza kwa mstari mmoja wa kujifanya najua.

Lakini kuna jambo linanizunguka, Mama, na nikilinyamazia litaniozea. Uliandika "kila kiungo cha mwili wangu". Uliandika kwamba zahanati walikuuliza habari za ukoo ukasema hakuna. Neno pumu hulitaki hata kwenye karatasi. Na mimi nilikuwa na kaka, ambaye nilichoambiwa ni kwamba alikufa kwa homa ya mvua, na nikikuuliza zaidi ulikuwa unakwenda kufua. Kaka alikufaje?

Nimemwambia Mkuu wa kituo, na hii ni mara ya tatu: ama mtoto anapanda, ama mimi nashuka. Nimemwona anapima upana wa chumba changu kwa hatua.

Mwanao

&nbsp;

Alhamisi, 2 Oktoba

Mwanangu,

Usitazame gari. Soma kwanza. Nimemwambia dereva akukabidhi barua hii kabla hujagusa mlango, na asianze kushusha mpira wa maji mpaka umalize. Tuko mbele, mimi na Chiriku. Tunakuona. Nimemwambia asikupungie mkono, sijui kama ataweza.

Ana ruhusa ya daktari, na cheti. Mkuu wako wa kituo akiwa na neno aje aniambie mimi, taratibu, kwenye sikio la kushoto. Nimefua mashuka ya wakubwa kuliko yeye.

Umeniuliza swali. Nimeliandika jibu hapa kwa sababu kwa mdomo siwezi. Nikisema sitasikia utakalojibu, na jibu lako nataka kuliona usoni.

Ulikuwa na miaka mitatu. Kaka yako alikuwa na saba. Hakukuwa na homa. Alikuwa na kifua kama cha Chiriku, kila mwaka miti ikianza, na mimi nilimpa asali nikamwambia asikimbie. Ile mivinje ndiyo kwanza ilikuwa imepita paa. Siku ile kulikuwa na joto kama la Jumatatu ile, na wingu lilelile. Chumba cha kufulia kilikuwa kimejaa mvuke, naye anahema. Upepo wa baridi ukaja. Nikasema, mtu asiye na pumzi anataka hewa, na hewa ndiyo hii. Nikambeba nikampeleka nje, nikamkalisha chini ya miti, mahali upepo unapopiga zaidi. Nikachukua foronya, nikailowesha, nikawa nampepea. Akanivuta nguo, akanyoosha kidole mlangoni. Akasema, "Ndani, mama." Nikamwambia, "Vuta hewa, baba, vuta." Akasema tena, "Ndani." Nilimsikia. Siku hizo masikio yangu yalikuwa mazima.

Mvua ilipoanguka alikuwa ameshanyamaza.

Kwa hiyo acha kujibebesha barua yako. Ningemtoa Chiriku nje hata kama usingeandika neno. Miaka yote hii niliamini kosa langu lilikuwa kuchelewa kumtoa kaka yako. Nilijiambia, kama ningemtoa nusu saa mapema angeishi. Ndiyo maana kwa Chiriku sikuchelewa. Nilimkimbiza kwenye upepo ule, mwanangu, nikiwa na furaha.

Barua yako ya tarehe ishirini na mbili niliisoma wodini Ijumaa. Niliisoma kama ninavyosoma, herufi moja moja, na nilipofika kwenye maharage nikaelewa nilichokifanya. Sikulia, mtoto alikuwa ananitazama. Nikakunja karatasi nikaenda kuosha glasi za wodi. Wakaniambia si kazi yangu. Nikaendelea.

Sasa ninaogopa. Sijawahi kukuandikia neno hilo. Naogopa jua, naogopa wingu, naogopa dirisha likifunguka. Zaidi ya yote naiogopa hii mikono, kwa sababu mara zote mbili ilikuwa inapenda. Sitaki kukaa naye peke yangu tena chini ya miti ile. Kazi nimeiaga. Meneja alisema nitajuta, halafu akanibebea sanduku.

Dawa zake ziko kwenye mkoba mwekundu. Mivuto miwili asubuhi, miwili jioni. Hapendi kulala chali. Akianza kujibu kwa kichwa badala ya mdomo, usisubiri.

Dereva akishateremka Chiriku atahamia kwenye usukani, namjua. Kwa hiyo yeye yuko mlango wa dereva, mimi niko mlango wa pili. Ukiona huwezi kunitazama, fungua wa kwake tu. Mchukue, ingia ndani. Nitarudi na gari hili na sitakulaumu, wala sitaacha kuwa mama yako.

Ukitaka niteremke, njoo upande wangu. Usiseme kitu, sitasikia. Fungua tu.

Mimi mama yako